Ukimya Nao Upite

Nilichora kwanza kwa penseli, nyuma ya ankara ya mbolea:
duara Mbeya, ghorofa ya pili, Mwanjelwa;
duara Tukuyu, duara Mafinga,
na la nne, dogo, Bulongwa, kule juu Makete,
ghala la pareto lenye dirisha moja na karani mmoja.
Kati yao mistari. Mistari ya karatasi ni rahisi:
haipandi Kitulo, hailoani.

Meneja akataka hesabu.
Simu ngapi kwa wakati mmoja? Kila simu dakika ngapi?
Nikasema mbili. Bei, idadi ya magunia, kwaheri.
Mama Tupokigwe, miaka kumi na tisa kwenye swichibodi,
akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya sweta.
"Mwanangu, hujahesabu salamu.
Umeamkaje, wa nyumbani wameamkaje,
mvua kwenu, yule mtoto aliyeunguzwa na uji,
ng'ombe ameshazaa? Hapo gunia bado halijatajwa.
Mkate mtu wa Rungwe kabla hajafika hapo,
hatakuuzia hata ua moja."

Nikafuta mbili, nikaandika tano.
Gharama ikapanda. Meneja akaguna.

Sauti, nilimweleza, hukatwa vipande,
kila kipande na anwani yake, kama bahasha.
Hupanda mnara wa Loleza, hushuka, hupanda tena,
na kikichelewa hutupwa; hakuna wa kukisubiri.
Barua hungoja. Ripoti ya mwezi hungoja.
Picha za mkutano mkuu nazo zingoje.
Basi njiani nikaweka sheria: sauti itangulie,
kama mgonjwa juu ya machela,
wengine wote wasogee kando.

Tukuyu ilinyesha wiki nzima, nikapanda paa na waya mdomoni.
Mafinga umeme ulikatika saa nane kila siku,
kwa adabu, kama mtu aendaye kula.
Bulongwa nilifika pamoja na ukungu.
Elikana Chaula alinishikia ngazi kwa mikono miwili.
Meza alikuwa ameisugua, akaitandikia kitambaa cha kufuma
ili simu ikae.
Namba yake: mia tatu na nne.

Nikawasha kila kitu,
pamoja na ujanja mmoja niliojivunia:
mtu akinyamaza, mtambo usitume chochote.
Kwa nini tulipie hewa?

Jumatano ya wiki ya tatu, mia tatu na nne ikaita.
Tupokigwe akapokea. Salamu zikaenda vizuri,
zikafika kwenye "na mama je?"
Hapo pakazimika.
Si mkwaruzo, si pumzi, si lile bati la ghala.
"Haloo? Chaula? Haloo?"
Akaweka chini, akanigeukia: "Mtambo wako umekatika."

Haukukatika.
Nilisoma kumbukumbu zake usiku, mstari kwa mstari.
Laini ilikuwa nzima. Na kule Bulongwa
simu haikurudishwa juu ya kitambaa chake
kwa dakika kumi na moja.

Mama yake alizikwa Alhamisi.
Tuliambiwa na dereva wa lori la magunia.

Jumatatu nilifungua mipangilio,
nikautafuta ule ujanja wangu, nikauzima.
Mwisho wa mwezi meneja akauliza
mbona matumizi yameongezeka.
Salamu, nikamjibu. Akaguna, akasaini.

Siku hizi Chaula akinyamaza tunamsikia.
Bati linalia likipata jua, kuku anapita mlangoni,
mtu anavuta pumzi, anaitafuta inayofuata.
Vipande vitupu, vyenye anwani zao,
vinavuka Kitulo mbele ya ripoti zote.
Tupokigwe hasemi haloo.
Amebana simu begani, sindano za kufumia zimetulia mapajani,
naye ananyamaza upande wa huku.